Seti ya Mswaki na Dawa ya Meno ya Mbwa na Paka: Tathmini Baada ya Miezi Minne ya Matumizi Hapa Tanga

Tangu mwanzoni mwa Desemba nimekuwa nikitumia seti ya kusafishia meno ya mbwa na paka ambayo niliinunua kwa shilingi 22,000 katika duka la dawa za mifugo lililopo maeneo ya Ngamiani, hapa Tanga mjini. Ndani ya boksi mna tyubu ya dawa ya meno yenye gramu 70 na ladha ya kuku, mswaki mrefu wenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili, mswaki wa mpira laini unaovaliwa kidoleni kama kofia, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa lugha tatu ambazo Kiswahili si mojawapo. Muuzaji alinihakikishia kwa maneno haya: "Dada, boksi moja linawatosha wote wawili." Wote wawili aliokuwa akiwazungumzia ni Tomi, mbwa wetu wa ulinzi mwenye miaka 5 na uzito wa kilo 22, na Mashavu, paka jike wa miaka 3 ambaye hajafikia kilo 4.

Nieleze kwanza kilichonipeleka dukani. Mashavu ana mazoea ya kuja kujilaza karibu na uso wangu kila ninapojinyoosha mkekani mchana, na kwa muda mrefu pumzi yake ilikuwa na harufu nzito ambayo nyumba nzima tuliihesabu kuwa ni harufu ya dagaa na vichwa vya vibua ninavyomnunulia kwenye soko la samaki la Deep Sea. Ikawa siku moja daktari wa mifugo amekuja kumchanja Tomi chanjo ya kichaa cha mbwa, na alipokuwa akimshika kichwa akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba na kuniita nitazame. Kwenye gego kubwa la juu, lile lililo chini kidogo ya jicho, palikuwa na ukoga wa kahawia mgumu kama jiwe, na juu ya ukoga huo ufizi ulikuwa na mstari mwekundu mithili ya uzi uliochovywa kwenye damu. Tukamtazama na Mashavu: yeye ukoga ulikuwa mchache, lakini mstari mwekundu alikuwa nao pande zote mbili. Samaki hakuwa na hatia. Harufu ilikuwa ya fizi zilizoanza kuugua, na daktari akaniambia kwamba mbwa na paka walio wengi, wakifikisha umri wa miaka 3, tayari huwa na dalili fulani za ugonjwa huo.

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyoniwezesha kuipima seti hii kwa haki, kwa hiyo nayaandika hapa. Mbwa mzima ana meno 42 na paka mzima ana meno 30. Juu ya meno hayo hujitandaza kila siku utando laini wa bakteria usioonekana kwa urahisi, na utando huo ukiachwa kwa siku moja hadi tatu, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ukoga mgumu. Utando laini unafutika kwa mswaki, lakini ukoga ulioganda haufutiki kwa mswaki wowote wala kwa dawa yoyote ya tyubu. Hapo ndipo inapotokea haja ya kupiga mswaki kila siku, au angalau siku moja baada ya nyingine, kwa sababu anayepiga mara moja kwa wiki huwa anafika wakati utando umekwisha kuganda.

Nianze na dawa ya meno, kwa kuwa ndiyo kitu bora kuliko vyote vilivyomo katika boksi hili. Haitoi povu na haihitaji kusukutuliwa, jambo ambalo ni la lazima, kwani mbwa na paka hawajui kutema na kila unachowatia kinywani watakimeza. Ina vimeng'enya viwili vinavyosaidiana na mate kuwadhoofisha bakteria, kwa hiyo inafanya kazi kiasi fulani hata pale mswaki usipofika vizuri, ingawa kinachoondoa utando hasa ni kule kusugua. Ladha ya kuku Tomi aliipenda tangu siku ya kwanza. Mashavu aliinusa, akageuza uso, na hakuilamba mpaka siku ya nne nilipoichanganya na tone la mchuzi wa samaki usio na chumvi.

Upungufu wake niliouona ni mmoja, nao unatokana na joto letu. Mwezi wa Februari, kaskazi ilipokuwa imepamba moto, dawa ilianza kujitenga ndani ya tyubu: ukiminya yanatoka kwanza maji ya manjano, kisha ndiyo inafuata dawa nzito kama unga uliokandwa. Boksi limeandikwa kwamba ihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25, na hapa Tanga katika miezi ile nyumba isiyo na kiyoyozi haishuki hadi hapo hata usiku wa manane. Niliihamishia kwenye mlango wa friji na tatizo likaisha. Duka lenyewe liliipanga kwenye rafu inayopigwa na jua la saa nane, na hilo nililiona kuwa ni uzembe usiostahili kwa watu wanaouza dawa.

Kabla ya kupata seti hii, katika duka jingine ambalo sitalitaja, niliambiwa kwamba hakuna haja ya kununua dawa ya wanyama, nichukue tu dawa ya meno ya watoto kwa kuwa haina ukali. Niliinunua, nikarudi nayo nyumbani, na kabla ya kuifungua nikasoma viungo vyake. Miongoni mwavyo ilikuwamo zailitoli (xylitol), sukari mbadala isiyomdhuru mtoto lakini ambayo kwa mbwa ni sumu: humfanya atoe insulini nyingi ghafla, sukari ya damu ikashuka katika muda wa nusu saa hadi saa moja, akalegea, akatetemeka, na kipimo kikiwa kikubwa ini lake huweza kuharibika kabisa. Si kila dawa ya meno ya watu ina zailitoli, lakini hata isiyo nayo mara nyingi huwa na floridi na sabuni ya kutoa povu, vitu ambavyo havikukusudiwa kumezwa kila siku. Muuzaji yule hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, ningemwamini bila kusoma, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine, na ndiyo maana ninamwomba kila mwenye mbwa asome viungo mwenyewe kabla ya kufungua tyubu yoyote.

Majirani nao walikuwa na ushauri wao. Wapo walionielekeza mkaa uliosagwa na chumvi, wapo walionitajia magadi, na mama mmoja mtu mzima aliniletea kijiti cha mswaki wa mti kilichotafunwa ncha, akinikumbusha kwamba jina hili tunalolitumia kwa brashi ya dukani ndilo jina la ule mti. Niliupokea kwa heshima na nikautumia mwenyewe. Kwa mnyama haufai, maana nyuzi zake hukatika na kuingia katikati ya jino na ufizi. Chumvi na magadi vina sodiamu nyingi mno kumezwa na mwili mdogo kama wa paka kila siku, na mkaa hukwaruza jino.

Sasa mswaki wa kidole, ambao ndio umechorwa mbele ya boksi na ndio unaowavutia wanunuzi. Kwa maoni yangu ni bora usingekuwamo. Vinundu vyake vya mpira ni butu, kwa hiyo vinateleza juu ya utando badala ya kuufuta, na unene wake ukijumlishwa na unene wa kidole cha mtu mzima hauachi nafasi yoyote ndani ya shavu la paka. Kwa Mashavu nilijaribu mara mbili tu nikaacha. Kwa Tomi, ambaye kinywa chake kina nafasi, ulikwenda vizuri kwa siku tatu, kisha siku ya nne alitingisha kichwa ukavuka kidoleni na kubaki juu ya ulimi wake. Niliuona ukielekea kooni. Nilimfungua taya kwa mkono wa kushoto na kuuchomoa kwa vidole viwili, na mapigo ya moyo hayakutulia mpaka nilipokaa kitako kibarazani. Kipande cha mpira cha ukubwa ule kikimezwa na mbwa kinaweza kuziba utumbo, na utumbo ukiziba ni upasuaji. Tangu siku hiyo kitu kile kimo ndani ya boksi lake na hakijatoka.

Kuna jambo jingine linalohusu kidole. Ukiwa umeshika mpini wa mswaki, vidole vyako viko nje ya meno, lakini ukivaa mswaki wa kidole, kidole chenyewe kiko katikati ya magego. Nchi yetu bado ina kichaa cha mbwa, na njia yake kubwa ya kuambukiza ni mate yanayoingia katika jeraha. Kwa hiyo mnyama ambaye hajachanjwa, au ambaye chanjo yake imepitwa na wakati, asishikwe kinywani kwa namna yoyote kabla ya kuchanjwa. Na ikitokea umeumwa au kukwaruzwa na jino, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Karatasi ya maelezo haina hata sentensi moja kuhusu hilo.

Mswaki mrefu una pande mbili za hadithi. Kichwa kikubwa kinamfaa Tomi: nywele zake ni za ugumu wa wastani, shingo imepinda kiasi cha kufikia magego ya nyuma bila kumlazimisha kufungua kinywa, na baada ya miezi minne nywele hazijasambaa. Kichwa kidogo, kinachodaiwa kuwa cha paka, bado ni kikubwa na nywele zake ni ngumu kwa fizi zinazouma. Nilichofanya ni kununua mswaki wa mtoto mchanga, ule laini kabisa, kwa shilingi 1,500, na huo ndio unaotumika kwa Mashavu mpaka leo. Ifahamike pia kwamba mpini mmoja wenye vichwa viwili hauwafai wanyama wawili, kwa sababu bakteria wa kinywa kimoja hawapaswi kupelekwa kingine, kwa hiyo lile neno la muuzaji kwamba boksi moja linatosha halikuwa sahihi.

Kwa sisi Waislamu lipo suala la ziada ambalo nimeulizwa na ndugu zaidi ya mmoja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Paka hana hukumu hiyo. Mimi huvaa glavu za mpira ninapomhudumia Tomi, vifaa vyake vina ndoo na kamba yake nje ya nyumba, na dawa huiminya kwanza kwenye kifuniko safi kisha nikaichota kwa mswaki, ili mdomo wa tyubu usiguse kitu kilichotoka kinywani mwake. Tyubu ikaendelea kukaa kwenye friji ya nyumba bila mtu kuwa na shaka.

Namna ya kutumia ndiyo sehemu ambayo karatasi ya maelezo imeikosea zaidi. Mchoro wake unaonyesha mbwa aliyeachamishwa kinywa huku mswaki ukiingia moja kwa moja, na anayefuata mchoro huo na paka atapata mikwaruzo tu. Kinywa hakifunguliwi. Midomo huinuliwa pembeni, taya zikiwa zimefungana, na mswaki hupita upande wa nje wa meno, ukilazwa kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi ili ncha za nywele ziingie pale jino linapokutana na ufizi, kisha huzungushwa mizunguko midogo midogo. Upande wa ndani ulimi wenyewe husaidia kuusafisha. Kama muda ni mfupi, chonge na lile gego kubwa la juu ndiyo yapewe kipaumbele, kwa sababu karibu na gego hilo ndipo mfereji wa mate unapomwagia na ndipo ukoga unapoganda haraka kuliko kwingine.

Pamoja na hayo yote, mswaki hauanzi siku ya kwanza. Kwa Mashavu wiki nzima ya mwanzo niliitumia kumlambisha dawa kidoleni tu, kila usiku baada ya chakula, saa ile ile, nikiwa nimekaa mahali pale pale mkekani. Wiki ya pili nikawa nainua mdomo wake kwa sekunde chache na kuuachia, kisha dawa. Wiki ya tatu nilizungushia kitambaa cha gozi, kile cha kufungia vidonda, kidoleni, nikapaka dawa, nikapitisha juu ya chonge moja na kusimama hapo, na gozi lilitoka na alama ya damu nyekundu yenye upana wa punje ya mchele. Nilikuwa na hofu, lakini daktari aliniambia kwenye simu kwamba fizi zenye uvimbe mdogo hutoka damu mwanzoni, niendelee kwa upole na nimpigie kama itaongezeka. Haikuongezeka. Mwisho wa wiki ya tano gozi lilitoka jeupe, na ndipo nilipoushika mswaki wa mtoto. Sasa kazi yote inachukua sekunde 30 kila upande, naye hukaa mapajani mwangu akiwa amezungushiwa kanga kuukuu, bila kufungwa, masikio yakiwa wima. Akinyanyuka ninamwachia aende, kwa kuwa paka aliyeshikwa kwa nguvu leo kesho atajificha chini ya kabati akisikia tu mlio wa kifuniko.

Kwa wenye watoto wa mbwa au wa paka, mazoezi haya ya kuinua mdomo na kulambisha dawa yaanze mapema wakiwa bado na meno ya utotoni, ambayo ni 28 kwa mbwa na 26 kwa paka. Yapumzishwe kidogo meno hayo yanapong'oka, kuanzia umri wa miezi minne hivi, kwani fizi wakati huo zinauma.

Kuna wanyama ambao hawapaswi kuanzishiwa mswaki kabla ya kuonwa na daktari. Paka anayedondosha chakula akitafuna, anayetokwa na udenda, anayejipapasa mdomo kwa mguu wa mbele au aliyeanza kukataa dagaa wakavu na kutaka vya laini tu, ana maumivu. Paka wana maradhi yao ya pekee ambapo jino huliwa na mwili wenyewe kuanzia karibu na ufizi, na kusugua jino la namna hiyo ni kumtesa.

Dai kubwa lililoandikwa juu ya boksi ni kwamba dawa "huondoa ukoga mgumu." Si kweli, na nimelithibitisha kwa macho yangu, kwani baada ya miezi minne ya kupigwa mswaki kila siku gego la Tomi bado lina ukoga ule ule wa kahawia. Kilichobadilika ni ufizi unaolizunguka, ambao wekundu wake umepungua, na meno ya jirani ambayo hayajapata ukoga mpya. Tangu mwaka 1997 lipo baraza la madaktari wa mifugo nchini Marekani, Veterinary Oral Health Council, linalopitia ushahidi wa bidhaa za meno ya mbwa na paka na kuziruhusu zilizofaulu kubandika alama yake. Boksi langu halina alama hiyo. Kutokuwa nayo hakumaanishi kwamba dawa ni mbovu, lakini mtengenezaji ambaye hakuupeleka ushahidi wake popote alipaswa kuwa na kiasi katika madai yake. Kuondoa ukoga ulioganda ni kazi ya daktari, mnyama akiwa chini ya nusu kaputi, kwa sababu uchafu unaodhuru zaidi ni ule uliojificha chini ya ufizi, na hakuna mbwa atakayetulia akichokolewa huko akiwa macho.

Mifupa migumu ya buchani niliyokuwa nikimpa Tomi kwa imani kwamba inamsafisha nimeiacha. Daktari alionyesha ufa kwenye gego lake la upande wa pili.

Kuhusu gharama, kipimo changu cha kila siku ni kiasi cha punje ya choroko kwa Mashavu na kiasi cha harage kwa Tomi, na kwa kipimo hicho tyubu ilidumu miezi mitatu. Hapo ndipo nilipokutana na kero: duka haliuzi tyubu peke yake. Mwezi Machi nililazimika kununua boksi zima kwa mara ya pili, na kupata mswaki mwingine wa kidole nisiouhitaji, wakati thamani yote imo ndani ya tyubu. Nimemwomba muuzaji aagize tyubu zenyewe na aziweke mbali na jua, naye ameniahidi kumfikishia mwenye duka.

Mwenye mbwa mkubwa ambaye fizi zake bado ni nzima anaweza kuinunua seti hii kwa bei yake na asijute, mradi mswaki wa kidole auweke kando. Mwenye paka peke yake atanufaika na dawa tu, na mswaki ataupata kwenye duka lolote la vitu vya watoto. Harufu ya pumzi ya Mashavu ilikwisha katika wiki ya sita, na mstari mwekundu wa fizi zake umegeuka waridi iliyofifia. Tomi amepangiwa kusafishwa na daktari mwezi ujao kwa nusu kaputi, na gego lenye ufa litatazamwa siku hiyo hiyo kama linaweza kubaki. Fizi zake zikipona tutaanza upya kwa kitambaa cha gozi, na tyubu ya pili, iliyotumika mpaka katikati, inamngojea kwenye mlango wa friji.